Kwa Nini Wanawake wa Chundwe Hupakana Liwa Mgongoni

Kaeni niwaambie, na mwenye kucheka acheke sasa, maana mbele hakuna kicheko. Hapo kale wanawake wa mji wa Chundwe hawakujuana migongo. Kila mmoja alioga peke yake, akajipaka liwa ya msandali mpaka mkono wake ulipofika, akajitanda buibui akatoka. Yaliyokuwa chini ya buibui aliyajua yeye, mumewe na Mungu.

Mwana Nuru alikuwa mwosha maiti wa kike. Siku moja aliitwa kumwosha Saada, mke wa Mselem, aliyesemekana kafa kwa homa. Alipomgeuza aliukuta mgongo umejaa alama za mkanda, mpya juu ya kuukuu. Lakini waosha walikuwa na kiapo: ulichokiona kwa maiti, kizike naye. Akamvisha sanda, akanyamaza.

Haikupita miezi minne, Mselem akaposa tena. Alimposa Raya, binti wa Tima, na huyo Tima ni mdogo wake Nuru wa tumbo moja. Tima akamwendea dada yake.

"Dada, wewe umeingia nyumba ile. Yule bwana ni mtu?"

Nuru alitazama mkeka. Alikikumbuka kiapo.

"Watu wanamsifu," akasema.

Hayo tu. Mimi sijamsamehe mpaka leo.

Raya akaolewa. Kila Ijumaa alikuja kwa mama yake, kajifunika vizuri, anacheka, na hakuna aliyemwambia avue. Mwaka haujaisha, Nuru akaitwa kuosha maiti katika nyumba ile ile. Alipomgeuza Raya, aliufungua mlango wa chumba akawaita wanawake wote waliokaa kilioni.

"Njooni muone," alisema huku analia. "Ya Saada niliyaficha."

Tima aliutazama mgongo wa mwanawe, kisha akamtazama dada yake. Hakumsemesha tena mpaka anaingia kaburini. Mselem naye alihama kabla ya hitima, wala hakuna aliyemfuata.

Basi kuanzia mazishi yale, mwanamke wa Chundwe hajipaki liwa mwenyewe. Kila mwezi ukiandama wenzake humjia, wakafunga mlango, wakamvua, wakampaka mgongo mzima. Wanaume barazani wakiisikia harufu hutabasamu, wakidhani wanapambiwa. Mle ndani hakuna mwenye haraka. Mikono hupita polepole, inatafuta.