Jina la Mtoto wa Holo

Hapo zamani, si ile ya wafalme na mazimwi bali zamani ya malori ya pamba, paliishi Usukumani mwanamke aitwaye Nkwimba. Alikuwa mshindani wa baiskeli. Akishainamia usukani, wanaume waliuona mgongo wake tu, na mgongo wenyewe hawakuuona kwa muda mrefu.

Asubuhi moja akiwa mazoezini peke yake, lori likampiga kikumbo, likaenda zake. Nkwimba akatupwa mtaroni, akaviringika hadi ndani ya kalvati chini ya barabara, mguu umevunjika. Akalala humo kutwa nzima. Malori yakapita juu ya kichwa chake, saruji ikitetemeka, mchanga ukimwagika machoni. Akapiga kelele. Lori likapita. Akapiga kelele tena. Lori likapita. Jua lilipoanza kushuka akasikia sauti ya mama yake, Kalekwa, aliyekuwa akifuata barabara kwa miguu na kuinama kwenye kila kalvati: "Nkwimba! Nkwimba wangu, umo humo?"

Mguu ukapona. Nkwimba hakupona. Lori likinguruma hata kwa mbali, alijikunja uvunguni mwa kitanda, meno yakigongana. Mama yake aliingia naye humo humo, akamziba masikio kwa viganja. "Nipo, mwanangu. Nipo hapa." Masika hadi kiangazi Kalekwa hakwenda sokoni, hakwenda msibani, hakwenda harusini.

Kisha akaja kocha wake, Nyanzobe, mwanamke asiyejua kubembeleza. "Inuka. Twende barabarani."

Nkwimba akalia. Nyanzobe akamkokota, akamsimamisha kando ya lami ameshika baiskeli, malori yakipita na upepo wake ukimpiga usoni. Nkwimba akajikojolea.

"Usiangalie lori," kocha akasema. "Angalia mstari mweupe. Jicho kwenye mstari, mguu kwenye pedeli."

Kesho yake tena. Na kesho yake. Nkwimba akamchukia Nyanzobe kama nyoka. Lakini mguu uliokuwa umesinyaa ukarudi kuwa mguu, akaanza kuendesha kwenye vijia vya mashambani. Kwenye lami hakuthubutu.

Mdogo wake, Holo, aliyekuwa mwalimu wa shule, akamletea kitabu. Mwandishi wake, Bi. Mbuke wa Tabora, alisimulia humo maisha yake mwenyewe: alikuwa mkimbiaji, mamba akamkata mkono mtoni, naye akarudi kukimbia. Nkwimba akakisoma mpaka jalada likang'oka. Palikuwa na maneno aliyopenda kuyarudia: "Hofu haikuniondoka hata siku moja. Nilikimbia nayo mgongoni, kama mtoto."

Ikaja masika nyingine. Holo alikuwa mjamzito, na uchungu ukamshika kabla ya wakati. Mkunga akatoka chumbani, mikono imejaa damu. "Mpelekeni hospitali sasa hivi. Akikaa hapa tutazika wawili."

Gari la zahanati lilikuwa limekwama matopeni ng'ambo ya mto. Wakayapungia malori barabarani, hakuna lililosimama. Ikabaki baiskeli.

"Dada," Holo akanong'ona, "nipeleke wewe."

Kalekwa akampandisha Holo kwenye keria, akamfunga kwa khanga mgongoni mwa Nkwimba. Wakaingia kwenye lami. Nyuma yao Kalekwa akakimbia katikati ya barabara, akipunga kitambaa ili malori yapunguze mwendo. Lori likapiga honi, likayumba, likamkosa kidogo tu. Hakutoka barabarani. Lingine likaja, naye hakutoka. Alikimbia mpaka magoti yakamgomea, na watoto wake wakapotelea kwenye kona.

Wakafika penye lile kalvati. Miguu ya Nkwimba ikafa ganzi, baiskeli ikasimama. Mngurumo ulikuja kutoka mbele, na mwingine kutoka nyuma. Alihisi damu ya mdogo wake, ya vuguvugu, ikimlowesha kiunoni.

"Dada, mbona umesimama?"

Alitaka kutupa baiskeli akajifiche. Ndipo midomo ikaanza kucheza yenyewe: "Nilikimbia nayo mgongoni, kama mtoto. Nilikimbia nayo mgongoni..." Akakanyaga. Malori mawili yakapishana ubavuni mwake, upepo ukamvuta kuelekea magurudumu. Jicho likabaki kwenye mstari mweupe, mguu kwenye pedeli, na usukani haukuyumba.

Wakafika. Holo akapona, na mtoto wa kike akazaliwa akilia kwa nguvu.

Katika ukoo ule mtoto hupewa jina moja tu, la mtu mmoja, na mtu huyo huwa somo yake, kama bibi wa pili, maisha yote. Holo akasema, "Dada, jina utatoa wewe. Mpe la yule aliyekufikisha hospitali."

Siku ya jina, Bi. Mbuke, ambaye habari zilikuwa zimemfikia, alikuja kutoka Tabora, akaketi na Kalekwa na Nyanzobe.

Kalekwa akasema, "Nilimtoa kalvatini. Nililala naye uvunguni. Siku ile nilisimama mbele ya malori. Nani mwingine aliweka roho yake pale?"

Nyanzobe akasema, "Mama, wewe ulimfunika, na angefia uvunguni. Mimi nilimfunua, nikakubali kuchukiwa. Malori yalipopishana, mapenzi yako yangeshika usukani?"

"Ungemuua wewe!" Kalekwa akafoka.

Bi. Mbuke akasubiri wanyamaze. "Ndugu zangu walinikataza kuandika. Walisema naanika kilema changu. Niliandika kwa ajili ya mtu nisiyemjua. Baiskeli iliposimama, mama hukuwapo, na wewe kocha hukuwapo. Nani alikuwa naye?"

Nkwimba alikuwa amempakata mtoto. Akamtazama mama, akamtazama kocha, akamtazama mgeni. Kutaja mmoja ni kuwakana wawili.

Haya, ninyi mnaonisikiliza, msaidieni: mtoto aitwe Kalekwa, aitwe Nyanzobe, au aitwe Mbuke? Je, nani alistahili?