Pumzi ya Gurudumu la Nne

Hapo zamani, wajukuu zangu, kule Muheza, michungwa imechanua na mji mzima unanukia kama bibi harusi, Bi Kibua aliota mama yake anamwita. Mama alikuwa mgonjwa huko milimani Lushoto, macho hayaoni tena.

"Kibua, njoo nikupapase uso kabla sijaondoka. Njoo na gari la mkwe wangu, ngurumo yake naijua."

Mkwe mwenyewe, mume wa Bi Kibua, alikwisha kufa. Aliacha gari la kale la viti viwili, magurudumu yake ya spoki kama ya baiskeli, tairi zimeoza. Bi Kibua akatangaza: "Atakayeniwezesha kufika kwa mama na gari hili, gari ni lake."

Akaja Mhina, fundi baiskeli. Akagonga, akasikiliza, akakaza spoki mojamoja mpaka zikalia kama zeze. Akavalisha tairi mpya, zile zisizotumia tyubu, akajaza upepo. Asubuhi, gari limepiga magoti kama ngamia.

"Fundi, umenifungia magurudumu au chekecheke?"

"Mama, kila spoki ina tundu lake kwenye rimu. Upepo umepita humo."

Akaja Chausiku, mshona viatu. "Ewe Mhina, unateka maji kwa pakacha!" Akacheka, akasugua vichwa vya spoki, akaviziba kwa gundi na raba, kimoja, kimoja, kimoja. Magurudumu matatu yakashika. La nne likanong'ona, psii, psii. Rimu yake ina ufa, gundi haikai.

"Hili linataka tyubu," akasema, "na tyubu ya namna hii siku hizi haipatikani."

Ilikuwepo moja. Bi Kibua aliijua. Ilikuwa ndani ya gurudumu la akiba, chumbani kwa Mwanamkuu, mke mwenzake. Marehemu alilijaza kwa pampu ya mkono asubuhi ile aliyofariki. Tairi ya nje imepasukapasuka, lakini upepo wake umo bado, na Mwanamkuu hulala ameliegemea.

"Mwaka mzima hujaniomba hata chumvi," Mwanamkuu akasema Bi Kibua alipokwenda kuiomba. "Leo unataka pumzi ya mume wangu?"

"Mume wetu."

"Ehee! Leo amekuwa wetu!"

Bi Kibua akageuka aende zake. Nyuma yake akasikia fsssss, polepole, kama mtu anayeshusha pumzi usingizini. Akatazama. Mwanamkuu amefumba macho, uso ameuinamisha kwenye mdomo wa tyubu, ushungi unapepea.

Upepo ulipokwisha, akasema, "Chukua. Mama hangoji."

Gari likapanda mlima ndani ya ukungu, Mhina kwenye usukani. Bi Kibua aliona kama wanaelea. Mama akasikia ngurumo, akanyoosha mikono, akampapasa mwanawe paji, pua, mashavu. Akacheka.

Waliporudi, maneno yakaanza.

"Bila mimi," Mhina akasema, "magurudumu yangeyumba kama mlevi, tuishie bondeni. Na nani aliendesha?"

"Matatu yalishikwa na gundi yangu," Chausiku akasema. "Wewe ulikuwa umepakia upepo kwenye pakacha!"

Mwanamkuu akasema, "Spoki hukazwa tena. Gundi hununuliwa tena. Nilichokitoa mimi, nani atakijaza?"

Ufunguo wa gari umo kiganjani mwa Bi Kibua, umepata joto. Anawatazama watatu hao, mkono haunyooki. Haya, msiangalie chini, nyie mlioketi hapa, msaidieni. Je, nani alistahili?