Jaketi Lililofuliwa

Sogeeni kwenye benchi, nyinyi mnaosubiri nguo. Sketi yako, mama, imebaki zipu tu. Suruali yako, kijana, njoo kesho. Najua jana pia nilisema kesho. Basi kaeni niwasimulie jambo, lakini mjue mapema kwamba mwisho wake nitawadai hukumu, na hatoki mtu humu kabla hajanijibu.

Palikuwa na marafiki wanne hapa hapa Naivasha, wote mashabiki wa muziki wa metali. Si ile roki laini ya redio. Ni ule wa mwisho kabisa, gitaa zinalia kama cherehani iliyokosa mafuta, na mwimbaji ananguruma usisikie neno hata moja. Siku mmoja wao, Muriuki, aliponiwekea wimbo wao kwenye simu hapa dukani nilimuuliza, "Huyu anaumwa wapi?" Alicheka mpaka akaegemea meza. Mimi ni mtu wa kwaya, lakini vijana wale niliwapenda. Walikuwa na adabu kuliko wengi wanaoimba sauti ya pili nami.

Nekesa alikuwa na ulimi. Alikuwa akifunga maua katika shamba moja la kule ziwani, mdogo wa umbo, na akianza kukuomba kitu ni afadhali umpe mapema ulale. Angemwomba jogoo asiwike, na jogoo angefikiria.

Tobiko alikuwa na mkono. Aliendesha pikapu ya tajiri mmoja, akipeleka mayai Nairobi kila Jumatano na Jumamosi, na kwa miaka mitatu hakuvunja trei hata moja. Nanyi mnayajua matuta ya barabara yetu.

Ochola alikuwa na bega. Alipakia magunia ya viazi sokoni, mawili kwa mpigo. Katika shoo zao mashabiki hufanya duara mbele ya jukwaa, wakazunguka na kusukumana vifua kama wamekosana, kumbe wanafurahi. Lakini wana sheria yao: akianguka mtu, wote husimama, na huinuliwa kabla hajakanyagwa. Ochola ndiye aliyekuwa wa kwanza kuinama, kila mara.

Wa nne ndiye Muriuki, na Muriuki alikuwa na jaketi. Lilikuwa la jinzi, limekatwa mikono, limejaa viraka vya nembo za bendi. Mwenyewe alijiwekea amri: hakishonwi kiraka cha bendi ambayo hajaiona kwa macho yake. Akirudi kutoka shoo, kesho yake yuko hapa na kiraka mkononi. "Mama Kwamboka, weka hapa, chini ya hili fuvu." Mimi nashona mafuvu, Mungu anisamehe, na jioni naenda kwaya. Nilimshonea viraka kumi na saba. Mgongoni tu palibaki peupe, pakubwa, kwa sababu palikuwa pa bendi aliyoipenda kuliko zote na hakuwahi kuiona. Inaitwa Kucha za Fisi. Msiniangalie hivyo, sikuwapa mimi hilo jina.

Jambo moja zaidi kuhusu jaketi lile. Halikuwahi kufuliwa. Nilimwambia mara nyingi, "Mwanangu, hii nguo inanuka." Hakuwahi kunieleza sababu, alicheka tu, nami nilidhani ni uvivu wa wanaume wasiooa.

Kisha mafigo ya Muriuki yakaharibika. Akawa mtu wa kusafishwa damu kwa mashine mara mbili kwa wiki, na kila wiki alirudi mwepesi zaidi. Katika siku hizo ndipo ikatangazwa kwamba Kucha za Fisi wanavunja bendi. Koo la mwimbaji lilikuwa limeisha. Walibakiza shoo moja ya kuaga, Jumamosi, Nairobi, nao ndio wangefunga, saa tano usiku. Na Muriuki, jua likizama, alikuwa hawezi hata kuketi. Nguvu zake zote zilikuwa za mchana.

Hakuwaomba chochote. Alisema tu, "Basi mgongo utabaki mtupu," akageukia ukuta. Wale watatu walitoka nje wakaja kusimama hapa mlangoni pangu.

Nekesa akatumia ulimi wake. Aliacha kazi siku tatu, akaenda Nairobi, akaketi nje ya chumba wanachofanyia mazoezi mpaka wakamsikiliza. Aliwaomba wafungue badala ya kufunga, wapige saa tisa mchana. Mnaelewa aliomba nini? Bendi kubwa kupiga ya kwanza ni sawa na bwana harusi kula na wapishi. Wakagoma. Siku ya tatu mpiga ngoma akasema, "Sawa, lakini mtu wetu wa kuuza fulana mlangoni anafika jioni. Nani atakaa hapo?" Nekesa akasema, "Mimi." Kwa hiyo siku ya siku alisimama nje ya mlango na fulana za watu, na shoo ya mwisho ya bendi anayoipenda aliisikia kupitia ukutani. Hakuiona hata kidogo.

Tobiko akatumia mkono wake. Jumamosi ilikuwa siku ya mayai. Aliyashusha mayai yote uani kwa tajiri, akatandika godoro nyuma ya pikapu, akafunga turubai juu, akamlaza Muriuki pale ambapo trei hukaa. Kila mtikisiko ulikuwa kisu kwenye kiuno cha mgonjwa. Tobiko aliupanda mwinuko wote wa Bonde la Ufa polepole, lori zinampigia honi, yeye hasikii. Kwenye kila tuta alisimama kabisa, kisha akapanda gurudumu moja baada ya jingine. Muriuki aliniambia baadaye, "Mama, nililala usingizi njiani." Jumatatu tajiri alichukua funguo zake, na Tobiko hajaendesha gari la mtu mpaka leo.

Ochola akatumia bega lake. Ukumbi ulijaa, na aliyeketi angeona migongo tu. Ochola alimpandisha Muriuki shingoni na kusimama naye katikati, dakika arobaini. Mwimbaji akasema kwenye maiki, "Sisi hatufungui shoo. Leo tunafungua, kwa ajili ya mtu mmoja." Watu wakapiga yowe, duara likafunguka, likaja kwa nguvu kuliko walivyozoea. Wimbo wa tatu kijana mmoja aliruka vibaya, kichwa chake kikampata Ochola kwenye mtulinga, mfupa huu wa mbele ya bega, ukavunjika. Ochola aliusikia. Nyimbo zilikuwa zimebaki nne. Hakumshusha.

"Ungemwambia tu ashuke," nilimkemea nilipomwona amefungwa bandeji.

"Mama, alikuwa anaimba," akanijibu. "Nilikuwa namsikia kupitia miguu yake."

Siku hizi Ochola hainui gunia. Anauza mifuko ya kubebea bidhaa pale pale sokoni alipokuwa akipakia.

Muriuki alikuja hapa siku nne baadaye, akishikwa mkono na dada yake, na kiraka kikubwa cha mgongoni. Nilikishona akiwa ameketi pale ulipoketi wewe, mama. Nilipomaliza hakulivaa. Alisema, "Likae kwako. Nikishaenda, umpe mtu aliyenifikisha. Nimemwandika jina kwa kalamu, ndani, chini ya kola."

Nikashika kola nitazame. Akaweka mkono wake juu ya wangu.

"Usisome sasa, Mama Kwamboka. Ukilijua utaanza kumpendelea kwenye chai."

Sikusoma. Nililikunja nikaliweka kwenye rafu, juu ya vitambaa vya sare za shule. Baada ya wiki mbili tukamzika.

Sasa sikilizeni kosa langu, na msinihurumie haraka. Mama yangu alinifundisha kwamba nguo ya marehemu hufuliwa kabla ya kukabidhiwa mwingine. Humpi mtu jasho la maiti. Nilirudi kutoka mazishini macho yamevimba, nikitafuta kitu cha kufanya kwa mikono, nikaliona jaketi. Nikasema, huyu mtoto hakuwahi kufuliwa nguo yake na mtu anayempenda, leo nitamfulia. Nikachemsha maji. Nikatia sabuni ya unga. Nikalisugua, jamani, nikalisugua kola kwa brashi, kwa sababu kola ndiyo iliyokuwa chafu zaidi. Nililia huku nikiimba wimbo wa kwaya. Nilijiona ninatenda jambo jema sana.

Nilipolianika, upepo ukageuza kola. Pale chini palikuwa na doa la buluu, kama kidole kilichoshika wino. Ndipo nikakumbuka.

Nimelitazama doa lile juani, nimelitazama kwa kurunzi, nimelitazama kwa miwani ya mume wangu juu ya miwani yangu. Hakuna herufi. Kuna siku nafikiri ni refu mno kuwa jina moja. Halafu najiambia, Mama Kwamboka, wino ukiloa hutambaa, usijitafutie mlango wa kutokea.

Wale watatu walikuja pamoja mwezi ulipoisha. Walijua jaketi liko kwangu na kwamba Muriuki alinipa neno. Ochola alilinusa, akarudi nyuma hatua moja.

"Limefuliwa," akasema.

"Nilitaka liwe safi," nikasema.

Nekesa ndiye aliyenieleza, taratibu, kama unavyomweleza mgeni aliyevaa kanzu kinyume. Jaketi la shabiki halifuliwi kamwe. Jasho lililomo ni la kila shoo aliyosimama, vumbi ni la kila ukumbi. "Lakini si neno, mama. Hukujua." Macho yake yalisema ni neno. Kisha akauliza, "Alisema apewe nani?"

Hapo ndipo ningesema. Ningesema, alimwandika mmoja wenu na mimi nimemfuta. Maneno machache tu. Lakini nilikuwa nimeshaaibika mara moja mchana ule, na ya pili ikanishinda. Nikasema, "Alisema apewe aliyemfikisha." Hilo ni kweli. Ni nusu ya kweli.

Wakatazamana. Mwanzoni kwa upole.

"Nadhani ni mimi," Tobiko akasema. "Kufikishwa ni safari."

"Safari ya kwenda wapi?" Nekesa akauliza. "Ungemfikisha saa tisa, akute jukwaa tupu? Bila mimi ulikuwa unapeleka mgonjwa kutalii."

"Na ndani ya ukumbi je?" Ochola akasema. "Angefika akaona migongo. Mgongo wa mtu si bendi."

"Wewe ulikuwa ngazi tu, Ochola," Nekesa akasema.

Mjue, huyo ndiye mwenye ulimi. Ulimi ule ule uliolainisha bendi nzima. Ochola alishika mtulinga wake, akatoka. Tobiko akamwambia Nekesa, "Angalau yeye alikuwa ndani," neno ambalo hata adui hakupaswa kumwambia, naye akatoka. Nekesa akabaki amesimama hapa, ameshika mkono wa cherehani yangu, akilia bila sauti. Na mimi mwenye dawa ya ugomvi ule nilikuwa naangalia sindano.

Tangu hapo hawasemezani. Wiki jana palikuwa na shoo Nakuru. Walikwenda wote, kila mmoja kivyake, na nasikia walisimama pembe tatu za ukumbi. Nasikia pia kijana mmoja alianguka kwenye duara, na aliyeinama kumwinua alikuwa mtu mwingine. Ochola alikuwa nyuma kabisa, karibu na mlango.

Huja hapa mmoja mmoja. Nekesa huleta pindo lisilohitaji kushonwa. Tobiko huomba maji. Ochola hasingizii kitu, huketi tu. Kila mmoja hulitazama jaketi pale lilipotundikwa, kisha huuliza, "Mama, umeamua?" Nami hujibu kama fundi: njoo kesho.

Muriuki alitaka jaketi lile liende kwa mtu mmoja, na alimjua. Bila ulimi hakuna bendi mchana. Bila mkono hakuna safari. Bila bega hakuna kuona. Mmoja alipoteza shoo, mmoja kazi, mmoja bega. Nikimpa yeyote kati yao, huenda nimepatia, na huenda nimempa mtu kitu cha mwenzake kwa mikono hii hii iliyofuta jina.

Nimewaita wote kesho saa nne, na safari hii kesho ni kesho. Wakiingia hapo mlangoni nitalishusha jaketi kwenye msumari, linanukia sabuni, na nitakuwa sina budi kunyoosha mkono upande mmoja.

Haya, mama wa sketi, anza wewe. Kijana wa suruali, usijifiche. Nimewaambia kila ninachojua, hata lile doa. Kama ungekuwa wewe umesimama hapa kesho na jaketi mkononi, ungemkabidhi nani?