Ukili wa Nyamizi

Palikuwa na fundi wa mikeka mjini, Bi Mwanahawa, na kila mwaka alichagua mabinti watatu waingie chumba chake cha ndani kujifunza nakshi. Jaribio lilikuwa moja. Kila binti aje na ukindu wake, asuke ukili, ule utepe unaoshonwa kuwa mkeka, tangu asubuhi hadi adhuhuri, kisha ukili upimwe. Wenye ukili mrefu zaidi ndio walioingia. Wote walisema jaribio ni la haki, na Bi Mwanahawa alilala usingizi mzuri.

Nyamizi alitoka kambini, kwa watu walioletwa zamani kutoka bara kukata mkonge, ambao mjini bado waliitwa wageni. Kusuka alikujua. Vidole vyake vilikwenda vyenyewe huku macho yakimchunga mdogo wake. Alichokosa ni ukindu. Wa mabinti wa mjini ulikuwa umekatwa, umeanikwa wiki nzima, umechanwa na kutiwa rangi na watumishi wa nyumbani kwao. Nyamizi, ambaye siku zote alikuwa kwenye mkonge na mama yake, alikwenda kuukata bondeni alfajiri ile ile. Alifika na majani mabichi, akakaa uani kwa fundi akiyachana kwa kucha, na wenzake walikwisha kusuka pima mbili.

Alisuka kama mtu anayekimbizwa. Adhuhuri ilipoingia alikuwa na pima tatu. Binti wa mwisho kuchaguliwa alikuwa na tano. Na kwa kuwa ukindu mbichi hunywea ukikauka, hata hizo tatu zilikuwa zimeanza kulegea juani.

Bi Mwanahawa aliushika ukili ule, akaona ulivyonyooka, akasita. Kisha akasema, "Mwanangu, mimi napima ukili. Njia uliyopita siipimi."

Nyamizi akarudi kambini. Ilimuuma sana, na hakuwa na wa kumlaumu, maana kipimo kilikuwa kile kile kwa wote.

Miaka ikapita. Chumba cha ndani kilijaa watoto wa mjini, na Bi Mwanahawa akawa akiwaambia watu, kwa huzuni ya kweli, kwamba wa kambini hawakujaliwa mikono ya nakshi. Maneno hayo yakafika kambini, yakakaa. Siku moja Nyamizi alimkuta binti yake mwenyewe akisuka majani, vizuri kupita umri wake. Akamwondolea majani mkononi taratibu.

"Acha, mama," alimwambia. "Sisi hatuna mikono hiyo."

Ninyi mnaochagua watoto wa shule za vipaji, mkono ule ulipotea mikononi mwa nani?