Chaja Tano za Jeltje Bandsma

Wahenga walisema kila mwamba ngozi huvutia kwake. Maana yake ni wazi hata kwa mtu ambaye hakukaa sana shuleni: ngozi ikishalazwa juu ya mzinga wa ngoma, wa upande huu huivuta huku na wa ng'ambo huivuta ng'ambo. Ukimsikia mtu anasema, "Mimi navuta kwa ajili yetu sote," mtazame mikono, usiusikilize mdomo.

Jeltje Bandsma alikuwa na magari matano ya umeme nje kidogo ya mji wa Dokkum, kaskazini mwa Uholanzi, katika uwanja wa biashara uliopakana na mfereji. Magari hayo yalipeleka watoto wenye ulemavu shuleni na wazee wagonjwa wa figo hospitalini. Kazi yenyewe ngumu, malipo kiduchu, na mwaka ule halmashauri iliyapunguza tena, kwa barua yenye maneno matamu kama asali na saini isiyosomeka. Wanaokata ni hao hao ambao hawajawahi kusukuma kiti cha magurudumu kwenye barafu. Jeltje akapiga hesabu, hesabu zikamgomea. Ndipo akamwita Oebele, dereva wa gari la tano, mwanamume wa miaka sitini na moja.

"Oebele, sikufichi. Fedha za vyeti vya chaja zisipoingia kabla ya kiangazi, gari la tano naliuza."

"Na mimi unaniuza nalo, au unanitoa kwanza?"

"Acha mzaha."

"Mama, kwa umri huu nani ataniajiri? Jumba la makumbusho?"

Vyeti hivyo ndivyo vilivyokuwa gumzo la uwanja mzima. Serikali ilizilazimisha kampuni za mafuta zipunguze moshi. Zilizoshindwa zilinunua vyeti kutoka kwa wafanyabiashara wanaochaji magari kwa umeme safi. Umeme wa jua wa paa lako ulihesabiwa wote, ule wa gridi ulihesabiwa kipande tu. Wazo zuri, nani atakataa? Lakini wakubwa waliolitunga kule Den Haag, makao ya serikali, walilifunika kwa makaratasi, tabaka juu ya tabaka kama kabichi, kisha wakasema mdogo asipeleke maombi mwenyewe, apitie kwa wakala aliyesajiliwa. Na chaja ikishaandikwa kwa jina moja, mwaka huo haiandikwi kwa jingine. Aliyewahi kawahi.

Wakala wa kwanza kupiga simu aliitwa Meindert Kuitert, kutoka mji wa Zwolle.

"Mama Bandsma, nakuandikishia bure kabisa. Nachukua robo tu."

"Bure yenye robo? Nimeendesha gari miaka thelathini, bure ya namna hiyo sijakutana nayo." Akamkatia simu.

Wiki hiyo hiyo Rienk Sinnema akabisha hodi. Rienk alikuwa mwenyekiti wa umoja wa wafanyabiashara wa uwanja, mwenye ghala la baridi la viazi vya mbegu, na mmoja wa waliolibeba jeneza la mama yake Jeltje, kama ilivyo desturi ya majirani wa huku. "Jirani, hawa wa Zwolle watatumaliza mmoja mmoja," alisema. "Tuingie kwa pamoja. Mkataba ni mmoja, kila mtu nakala yake, saini tu. Mimi nitahangaika kwa niaba yenu."

Wakakutana Alhamisi saa nne asubuhi ofisini kwa Rienk, wenye biashara wanane. Kwetu huku watu hawapigi kura. Wanazungumza mpaka wote wakubaliane, na anayechelewa kukubali huonekana mchawi. Kahawa humiminwa, mkebe wa biskuti hupitishwa, kila mtu huchukua moja, kifuniko hurudi. Kusoma karatasi mezani ni kuwaambia majirani zako kwamba ni wezi. Kwa hiyo mambo makubwa husainiwa kati ya kikombe cha kwanza na cha pili, bila kusomwa. Hilo ndilo kosa letu, na wajanja wanalijua.

Siku ile Rienk aliufungua mkebe mara ya pili.

Jeltje aliitazama biskuti mkononi mwake kana kwamba ina miiba. Miaka kumi na miwili alikuwa mwanachama, na biskuti ya pili hakuwahi kuiona. Mtu haongezi ukarimu ghafla isipokuwa ana jambo. Akaikunja nakala yake ya mkataba, akaitia mkobani.

"Nakwenda nayo nyumbani."

Mkebe ukabaki wazi mkononi mwa Rienk.

"Jeltje, huniamini mimi?" Rienk akauliza.

"Nakuamini, Rienk. Macho ndiyo siyaamini. Miwani nimeiacha nyumbani."

"Nikusomee basi."

"Utachoka bure."

Nyumbani aliifungua juu ya meza ya jikoni. Ukurasa wa nne ulikuwa na jedwali: kila chaja, namba ya laini ya umeme inayoilisha, na jina la mwenye laini. Namba zenyewe zilikuwa na tarakimu kumi na nane. Jeltje akachukua bili yake ya umeme, akafuata kwa kidole, tarakimu moja baada ya nyingine. Namba ilikuwa yake, haikukosewa hata moja. Lakini mahali pa mwenye laini paliandikwa ghala la viazi la Sinnema. Waya ule alikuwa ameulipia yeye, na paneli za jua juu ya paa pia. Akashuka chini ya jedwali: chaja saba za majirani nazo zilikuwa viazi vya Rienk.

Akampigia Meindert, akamsomea jedwali.

"Ukisaini hiyo," Meindert akasema, "mwaka mzima ni wake. Kumshtaki utamshtaki, lakini utazeeka mlangoni mwa mahakama."

"Na wewe na robo yako mna tofauti gani naye?"

"Mimi robo nimeitaja, mama."

"Nikikuletea na chaja saba za majirani?"

Simu ikapumua. "Basi wewe nakukata sehemu moja ya kumi. Wao robo. Na kwa kila chaja utakayoleta, kuna kitu kidogo chako."

"Watajua?"

"Wakiuliza."

Jeltje alitazama nje magari yake matano yakiwa yamepangwa. "Andika," akasema.

Alhamisi iliyofuata aliusoma ukurasa wa nne kwa sauti, mbele ya wote. Rienk akawa mwekundu kama nyanya.

"Ni kosa la karani," akasema.

"Karani wako nani?"

"Mke wangu."

"Basi anakupenda huyo!" mmoja wao, mwokaji mikate, akadakia, na meza nzima ikaangua kicheko. Hakuna aliyegombana, kwani huku hatugombani. Kila mtu aliichukua nakala aliyoisaini wiki iliyopita akaichana. Kisha wakaisaini karatasi ya Meindert, iliyoletwa na Jeltje. Hakuna aliyeisoma. Kwa nini waisome, wakati Jeltje ndiye aliyewaokoa?

Mwezi Juni fedha zikaingia, na gari la tano halikuuzwa. Jeltje alimpa Oebele habari hiyo uani, akitarajia shukrani. Oebele alifuta kioo polepole, kisha akakitundika kitambaa begani.

"Mama, yule wa Zwolle alipokuja kukagua mita aliropoka. Kumbe kwa kila jirani una chako."

"Aliropoka nini tena?"

"Mimi sisemi kwa mtu. Ila nauliza tu: nani anachomeka waya kila jioni? Siku nikisahau, umeme hauingii, na cheti hakuna."

"Unanitisha, Oebele? Mimi niliyekuokoa?"

"Nakukumbusha. Nataka Ijumaa zangu za kupumzika, na mshahara usipungue."

Jeltje alimtazama mzee huyo kama anamwona kwa mara ya kwanza. Akampa Ijumaa zake. Oebele akaondoka akipiga mluzi, na madereva wenzake wanne, ambao nao walichomeka waya kila jioni, hakuwataja hata kwa jina.

Mwenyekiti alivuta, wakala alivuta, mama alivuta, na dereva aliyeokolewa jana akavuta leo. Asiyevuta huenda nyumbani na harufu ya ngozi tu mikononi. Hakika, kila mwamba ngozi huvutia kwake.