Ndama wa Ng'ombe Asiyesema

Hapo zamani, wala si zamani za mababu, maana pikipiki zilikuwepo na simu zilikuwa zikikosa mtandao kama leo, aliishi mjane mmoja kwenye milima ya Rungwe, jina lake Tusekile. Alikuwa na ng'ombe wa maziwa mmoja tu, Sijali. Sijali alizaa mara moja, kisha akakaa miaka mitatu bila mimba. Maziwa yakakauka, mjane akakosa hata ya kutia kwenye chai. Mwenye bucha akaanza kupitapita uani akimkagua Sijali mapaja.

Kijiji kile kilikuwa na desturi: ng'ombe aliyekatiwa tamaa akizaa ndama jike, ndama ni wa yule aliyemfungua kizazi. Shikeni hapo, ndipo ugomvi ulipo.

Bwana mifugo alikuwa Gwamaka. Yeye alipandisha ng'ombe kwa mrija, mbegu akizibeba kwenye mtungi wa baridi kali. Akampandisha Sijali mara ya kwanza, hola. Mara ya pili, hola. Ya tatu, ya nne, hola! Kila mara aliitwa baada ya Sijali kulia, kwa sababu pale kila mtu alijua: ng'ombe akilia, anataka dume.

Ndipo akaja Daktari Subilaga, mtafiti. Miaka kumi na minane mama huyu alikuwa akiuliza jambo moja tu: kwa nini ng'ombe hashiki mimba? Akampima Sijali mara moja, akaandika: "Tasa. Auzwe." Lakini neno lile likamkera mwenyewe. Akarudi, akamtoa damu kila baada ya siku mbili, wiki sita mfululizo. Kisha akasimama mbele ya watu, kifua mbele.

"Nilikosea, na sioni haya kusema. Tumbo la Sijali ni zima. Joto lake, yaani siku yake ya kutaka dume, ni la kimya. Mkimsikia analia, siku yake imeshapita! Damu inaonyesha siku iko karibu: mwangalieni alfajiri, Jumatatu hadi Alhamisi ijayo. Mkiona ute mwangavu mkiani, kama ute wa yai bichi, mwiteni Gwamaka siku hiyohiyo."

Watu wakacheka. Mjane akasema amechoka kusubiri, Jumatano mwenye bucha anakuja.

Nani aangalie zizini? Ikupa, mkwe wa Tusekile. Miaka sita ya ndoa hana mtoto, na mama mkwe humwambia waziwazi, "Wewe na Sijali mmekuja kunila bure." Lo! Maneno yanauma hayo. Ikupa akaangalia Jumatatu, hakuna. Jumanne, hakuna. Jumatano alfajiri akauona ute, akampigia Gwamaka.

Mwenye bucha akafika na kamba. Mjane akasema, "Mfungulie, mwanangu." Ikupa akasimama mlangoni mwa zizi.

"Mama, nakuheshimu, lakini leo hatoki. Labda mnitoe mimi kwanza."

Mwenye bucha akasonya, akaenda zake.

Na Gwamaka? Mvua ilikuwa imebeba daraja. Akaingiza pikipiki mtoni, maji yakaichukua. Yeye akaukumbatia mtungi, akavuka maji yakimfika kifuani, akafika ametota chepechepe. Akapandisha.

Miezi tisa na siku zake, Sijali akazaa jike, na maziwa yakarudi nyumbani.

Gwamaka akaanza: "Ndama ni wangu. Mimba haiingii kwa kuandika wala kwa kuchungulia. Pikipiki yangu sasa iko Ziwa Nyasa, nawahudumia kwa miguu!"

Daktari akacheka. "Mara nne ulikuja siku mbaya, baba, na daraja lilikuwepo. Siku yenyewe nani aliitaja?"

"Si wewe uliyeandika auzwe?"

"Na ni mimi niliyefuta. Nipeni ndama. Nikijua kama joto la kimya hurithiwa, wilaya nzima itaacha kupeleka ng'ombe wazima buchani."

Ikupa hakungoja kuulizwa. "Daktari ulitaja siku nne, siku moja niliipata mimi. Gwamaka ulivuka kwa kuwa nilikuita. Ningesogea hatua moja, Sijali angekuwa supu. Tena nasema wazi: mume wangu anashauriwa aoe mwingine. Hapa kwetu mwenye ng'ombe husikilizwa. Nataka kilicho changu."

Mjane akashika kamba ya ndama, machozi yakimtoka. "Wote mmesema kweli, hata huyu niliyemtukana. Nikimpa Daktari, ndama anaondoka kijijini. Nikimpa Gwamaka, atamuuza apate pikipiki. Nikimpa Ikupa, mtasema nimejipa mwenyewe, ndama amebaki zizini kwangu."

Haya, nyie mnaotikisa vichwa, msiniambie ndama agawanywe mafungu matatu, hapa si buchani. Kamba ni moja, na mjane amesimama anangoja. Ungekuwa wewe, ungemkabidhi nani?