Mawe Mekundu, Mawe Meusi

Mama mmoja alikuwa na njia. Hakuirithi kama shamba, na hakuna aliyempa hati yake, lakini watu wa kijiji chake kule juu penye baridi walipotaka kuvuka uwanda kwenda bondeni hawakuondoka bila yeye. Jina lake Atuganile. Aliijua njia ile tangu akibebwa mgongoni, na hakuwahi kumpoteza mtu. Alilijua hilo, na alitembea kama mtu anayelijua.

Uwanda ule hauna mti. Ukungu ukishuka, mtu hamwoni aliye mbele yake. Ndiyo maana watu wa zamani waliweka vituo, marundo ya mawe, kila rundo mahali ambapo njia inakata kona, au inapokwepa kinamasi, au inapofika kwenye kivuko cha mto. Kituo si mwisho wa safari. Wala hakikuwekwa mahali kwa sababu panapendeza. Kazi yake ni kukwambia uko wapi, na sasa ugeuze uso wako wapi ukitafute kinachofuata. Ukikikosa, huendelei kubahatisha. Unarudi kwenye kile unachokijua. Mwisho wa safari hakuna anayeuona tangu mwanzo, na watu wale hawakuona aibu kwa hilo. Walijivuna. Walisema wengine wana barabara, wao wana mawe, na mawe yao hayaoti mashimo.

Walikuwa na desturi zao. Aliyetoka juu alibeba jiwe jekundu la kwao, akaliongeza kwenye rundo, upande ule aliotokea. Watu wa bondeni walifanya vivyo hivyo kwa mawe yao meusi. Na kiongozi, akitua mzigo, alikilaza kiroba mdomo wake ukitazama kituo kinachofuata, maana mtu akishapumzika ndani ya ukungu huinuka hajui katokea wapi.

Mwaka mmoja wadudu waliingia maghalani mwa ndugu zao wa bondeni, wakala chakula, wakala na mbegu. Mvua zilikuwa zimeanza. Mbegu zikichelewa, bonde zima lingelala njaa mwaka mzima. Watu wa juu wakajaza viroba mahindi ya mbegu, wakaondoka asubuhi, Atuganile mbele, na nyuma yake shemeji yake, Lupyana, mdogo wa marehemu mume wake.

Katikati ya uwanda walitua kwenye kituo kimoja penye kona. Ukungu ulikuwa umekwisha kushuka. Atuganile akakilaza kiroba chake kama ilivyo desturi, kisha akaenda kumtazama mwenzake mmoja aliyechubuliwa bega na kamba. Manyunyu yakaja na upepo, yakapiga moja kwa moja kwenye mdomo wa kiroba kile. Lupyana akaona mbegu za shemeji yake zinalowa. Hakuwa na ubaya moyoni. Akakigeuza kiroba, mdomo ukaupa upepo kisogo, akikusudia kukirudisha baadaye. Mara akaitwa kushika mzigo mwingine, akasahau.

Walipoinuka, Atuganile alikitazama kiroba chake, akajitwika, akashika upande kilikoelekea. Wote wakamfuata. Kutoka kituo kile njia ilipaswa kupanda. Haikupanda. Ardhi ilianza kulegea chini ya nyayo, kisha maji yakaingia viatuni. Akasimama, na msafara wote ukasimama nyuma yake.

Sauti moja ikatoka ukunguni: "Twende tu, mama. Kiroba chako hakijawahi kutudanganya."

Wengine wakaitikia kwamba ndivyo. Maneno yale yalikuwa matamu, na Atuganile alitamani yawe kweli. Alikuwa na jina, na jina lile alilijenga kwa miguu yake mwenyewe. Angeweza kuendelea. Wangemfuata mpaka maji ya kiuno, wakimsifu.

Akageuka. Akawarudisha kwa nyayo zao wenyewe mpaka kwenye rundo, akapiga magoti, akalizunguka taratibu akiyatazama mawe kwa karibu na kuyapapasa. Upande mmoja yalikuwa mekundu, yamebanana, mengine yameota kuvu kwa uzee. Upande mwingine yalikuwa meusi. Na upande ule ambao kiroba kiliuelekea haukuwa na jiwe hata moja. Hakuna mtu aliyewahi kutokea huko.

Atuganile akasimama mbele ya watu wake, magoti yakiwa na tope.

"Kiroba changu kiligeuzwa," alisema, "na mimi nikageuka nacho. Twende walikotokea walioleta mawe haya meusi."

Lupyana aliinamisha kichwa. Mama yule hakuuliza ni nani aliyekigeuza. Alikitwika tena, akashika upande wa mawe meusi, na ardhi ikaanza kupanda kama ilivyopaswa. Kituo kilichofuata kilijitokeza ukunguni, kisha kingine, na kila walipokiona watu walipaza wimbo. Walikuwa watu wenye fahari, na siku ile walikuwa na sababu. Mabibi na mababu wasiowajua hata kwa majina walikuwa wamewabebea jiwe moja moja, wakawatengenezea njia kabla hawajazaliwa.

Wakafika bondeni mvua ikinyesha. Ndugu zao waliwapokea viroba pembeni mwa mashamba, na majembe yalianza kazi kabla salamu hazijakwisha. Atuganile alikaa juu ya tuta akatazama mbegu zikifukiwa. Alijivuna siku ile kuliko siku zote ambazo hakuwahi kukosea.

Nawe unayeongoza nyumba, au darasa, au kusanyiko la watu: hao wanaokuamini kuliko njia yenyewe, siku utakapojua kwamba umegeuzwa, utawaambia?